Taarifa kwa Wateja, Barabara ya Kumi na Mbili

Ramadhani ishirini na tatu, Ngamiani.
Ukutani zimening'inia oda arobaini na moja,
kila moja na karatasi yake kwa pini:
jina, kifua, kiuno, na neno "haraka"
limepigiwa mstari mara mbili,
kana kwamba mstari wa pili unaongeza saa.

Siku ya tatu leo Mwanasiti hainui kichwa.
Jana alishona mkono wa kushoto kuliani,
akaufumua, akaurudisha pale pale,
akacheka peke yake
kicheko kisicho na kitu ndani.
Nikajua. Kicheko kile nakifahamu,
kilikuwa changu.

Mwaka juzi nilikesha hadi takbira za asubuhi.
Nikakaza kifungo cha mwisho cha mtoto wa mwenzangu,
nikaegemea cherehani, "dakika moja tu,"
nikazinduka adhuhuri, tepu imenichora shavuni
inchi kumi na nne mpaka kumi na saba.
Binti yangu Saumu alikwishatoka kula Idi
na dera lisilo na pindo,
akiburuta nyuzi Mikanjuni nzima.
Hakunilaumu.
Hilo ndilo lililonichoma.

Basi mwaka huu nimejifunza neno
fupi kuliko tundu la kifungo: la.
Lilianza kwa Bwana Mhando wa Chumbageni,
kaja na sateni ya watu watano mfukoni,
"Fundi, wewe si wa kuniangusha."
Nilikipapasa kitambaa. Kilikuwa kizuri, kizuri hasa.
Nikakikunja, nikakirudisha mikononi mwake,
ulimi unawaka kama nimemeza pini.
Elfu tisini zikatoka mlangoni
zimevaa viatu vyake.

Saa nne kasoro nikasema: Kibwana, zima ovaloki.
"Fundi, bado kumi na sita."
Zima.
"Na pasi imeshapata moto."
Zima, mwanangu.

Pakawa kimya hata tukashangaa.
Kumbe panga boi letu lina mlio!
Kumbe jirani ana mtoto mchanga!

Nikachukua beseni la kulowekea vitambaa,
maji ya vuguvugu, chumvi ya mkono mmoja,
na mrehani nilioukwanyua uani.
Mwanasiti akaficha miguu chini ya gauni.
Aliona haya: vifundo vimejaa,
kwenye nyayo umebaki mchoro wa kanyagio.
Nikatia yangu kwanza, mibaya kuliko yake.
Akaingiza mmoja. Baadaye sana, wa pili.
Akaniuliza, "Nani atamaliza lesi ya Mama Sechonge?"
Sijajibu, amelala,
kastabini bado kidoleni.

Ndipo nikachukua chaki ya fundi, ile ya buluu,
nikaandika ukutani juu ya meza ya kukatia:

*Mteja wangu sikia, saa nne ninazima,*
*Vidole vimenambia, vyaomba japo kuhema,*
*Kanzu yako 'tatimia, subiri kwa roho njema,*
*Sindano hushona vyema, fundi akipumzika.*

Asubuhi mmoja akasoma, akafyonza.
Mmoja akauliza vina nimejifunzia wapi.
Mama Sechonge hakusema kitu,
ila magharibi akamtuma mjukuu na bakuli la kaimati,
juu yake kikaratasi: "Za mafundi tu."

Sitadanganya. Oda tatu hazitawahi.
Kesho nitapiga simu, nitatukanwa kidogo,
nitakunywa maji baada ya futari, nitaendelea kuishi.
Lakini dera la Saumu limeshapigwa pindo,
la kwanza kabisa, kabla ya mtu yeyote,
na limekunjwa juu ya kabati
mahali ambapo jicho langu haliwezi kulikwepa.

Nafunga komeo. Ng'ambo ya barabara, kwa Shekue,
taa inawaka, cherehani inalia ki-ki-ki,
na kivuli chake kimejikunja kama herufi iliyokosewa.
Nasimama kidogo.
Kisha navuka,
kipande cha chaki kiganjani.